Lisalimu Shimo Kabla ya Bomba

Siku ile ya Kitanga, mwanangu, naikumbuka kama ya jana. Nasikia kesho unapanda gari kwenda Kibondo kuanza kazi ya visima. Basi kaa nikusimulie, maana kazi hiyo nami niliianza nikiwa na ndevu za kuhesabika.

Tulikuwa tunachimba kisima huko Kitanga, kijijini kwetu, na maji yakaonekana mapema, juu juu tu. Ee, vigelegele! Dada yangu Adela, aliyekuwa akiteka bondeni na mimba yake kubwa, alikuja na ndoo kabisa. Tulipomaliza kuchimba, mtambo wa kuchimbia ulitakiwa Kibondo jioni ile ile. Nikamhimiza mzee Rubeni, mkuu wa kikosi chetu, tushushe mabomba, na lile lenye matundu ya kuingizia maji likae pale pale juu tulipoona maji. Kupima shimo kwa nini tena?

Mzee akanitazama. "Wewe Muha gani? Kwenu mnasalimiana mpaka viganja vinachoka kwa makofi, halafu ardhi unaiingia bila hodi? Shimo likishavaa bomba halisemi tena."

Niliona haya. Tukateremsha kipimo kwa waya hadi chini, chombo chembamba kama mchi, kisha tukakivuta taratibu kikisoma mwamba. Taratibu kweli kweli, watu wamenuna, mwenyekiti wa kijiji anaangalia saa. Chini kabisa, jiwe gumu. Juu yake kidogo, mstari kwenye mashine ya kusomea kipimo ukaruka! Jiwe lenye nyufa, limejaa maji! Na kule juu nilikokung'ang'ania? Mfinyanzi mtupu, na maji ya mvua yametuama juu yake. Adela angeteka tope, na mtambo umeshakwenda zake. Nilipiga kelele mpaka mbuzi wakakimbia.

Matundu tukayaweka penye nyufa. Maji yakatoka machafu, kisha yakang'aa. Adela akanywa, halafu akapiga yale makofi yetu ya salamu. Hakunipigia mimi, alikipigia kisima.

Haraka haraka haina baraka, hilo unalijua tangu shuleni. Mimi nakuongezea: bomba lisiingie hujapima, hata kijiji kizima kikikuimbia. Wanaokununia leo ndio watakaokunywa kesho. Haya nenda, Mungu akutangulie, na kila shimo utakalolisalimu likuitikie kwa maji matamu.