Maiti Mmoja, Majina Mawili

Fundi cherehani wa kiwanda cha mji wetu alikuwa na daftari lenye vipimo vya kila mfanyakazi: kifua, kiuno, mguu, mkono. Miaka kumi na tisa alishona ovaroli bila kukosea. Ukijitetea kwamba hujanenepa, anakucheka. "Tepu yangu haijui kubembeleza mtu."

Siku bohari la kiwanda lilipoungua, wafanyakazi wanane hawakuonekana. Maiti walipatikana saba, wote hawatambuliki; wa nane aliteketea kabisa, hakubaki hata mfupa. Daktari akaja na fomu ya kujaza asili ya marehemu, eti kila asili ina kimo chake. Upuuzi mtupu. Mababu zetu walitoka kila upande, wakaoana mpaka hesabu ikapotea. Hapa tumbo moja humzaa mwembamba wa futi sita na mfupi aliyejaa, mmoja mweusi tii, mwingine maji ya kunde. Nikamwambia daktari amwite fundi.

Mimi ni mhudumu wa mochwari, nilishika ncha ya pili ya tepu. Daktari alisema nyama husinyaa motoni lakini mifupa mirefu haibadiliki sana, basi tukapima mikono na miguu. Kufikia adhuhuri maiti sita walikuwa na majina. Akabaki mmoja, na daftarini majina mawili: mdogo wake fundi, mkono inchi ishirini na tatu, na mpiga chapa, ishirini na tano. Mama wa mpiga chapa alikuwa kwenye benchi nje.

Tukapima. Ishirini na tano kamili. Fundi akapima tena, kisha akanitazama usoni.

"Ishirini na tatu," akamwambia daktari. "Ni mdogo wangu."

Nilinyamaza. Naona haya hadi leo.

Mama yule alikuja mazishini, akamshika fundi mabega.

"Pole, mwanangu. Wewe angalau umempata." Akavuta pumzi. "Lile daftari unalo? Nisomee vipimo vya mwanangu. Sina pengine pa kumwona."

Lilikuwa mkobani. Fundi akasoma kifua, kiuno, mguu, akakwama.

"Na mkono?"

"Ishirini na tano."

"Mrefu," mama akasema kwa fahari. "Alimfuata babu yake mzaa baba."

Kisha akachota udongo kwa kiganja, akautia kaburini kumsindikiza ndugu wa mfiwa mwenzake.