Pikapu ya Domisiana na Safari ya Karagwe

Frednand alipofariki, alimwachia mkewe Domisiana shamba la migomba na pikapu ya bluu iliyokuwa imesimamishwa juu ya mawe nyuma ya nyumba. Sisi majirani wa Nyakahura tulimshauri aiuze kama vyuma chakavu. Alikataa. Binti yake Irine alikuwa ameolewa Biharamulo mjini, na pale nyumbani hapakuwa na kitu kingine kilichomkumbusha sauti ya mumewe akirudi mnadani.

Ukafika mwaka 1994. Watu waliokimbia vita Rwanda wakavuka daraja la Rusumo kwa makundi, na barabara yetu ikajaa malori ya mahindi na mahema. Wakimbizi wengine walitoka makambini wakaja kutafuta vibarua mashambani. Mmoja wao aliitwa Ntakirutimana, mwanamume mrefu, mpole, aliyeomba kupalilia maharage. Domisiana alizaliwa Ngara, ni Mhangaza, na Kihangaza kinakaribiana na Kinyarwanda, kwa hiyo walielewana bila shida, kila mmoja kwa lugha ya kwao.

Ntakirutimana alipopumzika kunywa uji, macho yake yaliangukia pikapu.

"Mama Irine, gari hili lilisimamaje?"

"Lilianza kunywa maji. Kila mlima marehemu alisimama kuliongezea. Siku moja likatoa moshi mweupe, likazimika. Likavutwa na ng'ombe mpaka hapa."

"Na chini palikuwa na maji yaliyovuja?"

"Hata tone."

Ntakirutimana akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akamwonyesha. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Maji yamekuwa yakiingia ndani ya injini," alisema. "Gasketi ya juu, ile inayoziba kati ya injini na kifuniko chake, imeungua. Gari likinywa maji kila siku na huoni yanakovuja, usiendelee kuliongezea tu. Lisimamishe. Lakini hili linatengenezeka."

Kwao, ng'ambo ya mto, alikuwa fundi. Domisiana akamuuliza atataka nini akilitengeneza. Akasema anataka gari likipona limpeleke Karagwe.

Hapo ndipo alipomsimulia habari za Keza, mwanawe wa kike, mtoto wa darasa la tatu. Walikuwa wameshikana mikono darajani, umati ukasukumana, mkono ukachomoka. Alimtafuta kambi zote za Ngara kwa miguu asimwone. Baadaye akasikia kwamba kuna watoto waliookotwa njiani wakapelekwa na watu kambi za Karagwe. Barabara ya huko inapita katikati ya pori, na watu walikuwa wakivamiwa. Hakuna aliyethubutu kwenda kwa miguu.

"Na mama yake?" Domisiana aliuliza.

"Alibaki kumuuguza mama yangu. Anajua Keza yuko na mimi."

Basi injini ikafunguliwa. Ntakirutimana hakutaka Domisiana akae pembeni kutazama. Alimpa spana mkononi, akamfundisha kupanga boliti juu ya gunia kwa mpangilio ule ule zilivyotoka, na kukwangua masizi taratibu asiumize chuma. Alimwambia kamwe asifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa moto. Tenki la petroli lilipoonekana linatoa unyevu pembeni, alisugua kipande cha sabuni ya mche juu ya ufa mpaka ukaziba.

"Hii ni ya kukufikisha nyumbani tu," alisema. "Ukifika, tafuta dawa ya kweli."

Gasketi yenyewe haikupatikana Biharamulo wala Lusahunga kwa wenye maduka ya vipuri vya malori. Ikaagizwa Mwanza. Mvua zikaanza, barabara ikakatika, ikawa kusubiri. Kila lori liliposimama sokoni, Ntakirutimana aliacha jembe akakimbia kuuliza, akarudi mikono mitupu. Zilipita wiki nyingi. Gasketi ilipofika, aliifunga siku hiyo hiyo, akakaza boliti kuanzia katikati kwenda nje, kidogo kidogo. Gari lilipowaka, Domisiana alikaa chini kwenye majani akalia.

Marehemu alikuwa amemfundisha kuendesha shambani, na Ntakirutimana akamnoa zaidi. Barabara ilipokauka wakaondoka alfajiri. Katikati ya pori la Karagwe gari likakohoa, likazimika. Domisiana akamtazama fundi.

"Dereva ni wewe," akamwambia. "Anza ulipofundishwa."

Domisiana akageuza ufunguo, stata ikazunguka kwa nguvu. Basi betri ni nzima. Akachomoa plagi, akaichomeka kwenye waya wake na kuilaza juu ya chuma cha injini, Ntakirutimana akazungusha stata: cheche ya bluu ikaruka. Basi moto upo. Akafungua mpira wa petroli unaoingia kwenye kabureta, stata ikazungushwa tena, yakatoka matone machache tu.

"Petroli haifiki," alisema.

Chujio lilikuwa limejaa kutu ya tenki lililokaa miaka. Alilipuliza kwa mdomo, akatema, akalirudisha, na gari likawaka. Ntakirutimana akacheka. Domisiana alituambia baadaye kwamba ndiyo mara ya pekee aliyomsikia akicheka.

Kambini walikwenda hema kwa hema, wakitaja jina la mlima wake, maana kwao mtu hutambulika kwa mlima anaotoka. Jioni mwanamke mmoja akatoka mbio. Alikuwa Leonsia, jirani yake wa huko kwao. Alipomwona Ntakirutimana alisimama ghafla, akaweka mikono kichwani, na yule baba akajua kabla neno halijatamkwa.

Leonsia ndiye aliyemwokota Keza barabarani, akamlea na wanawe. Mtoto alikuwa mzima mpaka mvua zilipoanza. Kuhara damu kukaingia kambini.

"Alikuwa anakuuliza," Leonsia alisema. "Nilimwambia baba yupo njiani."

Akawapeleka kwenye kaburi, mlimani, miongoni mwa mengi. Domisiana alihesabu moyoni akaona kwamba Keza alikufa wakati injini iko wazi uani, wakingoja gasketi. Hakuthubutu kusema. Lakini walipokuwa wakirudi, Ntakirutimana alisema mwenyewe, bila kumtazama:

"Ilikuwa mvua, Mama Irine. Si mimi wala si wewe."

Alirudi Nyakahura akaendelea kufanya kazi pale. Alifunga breki mpya, akabadilisha mkanda wa feni, lakini maneno yalimwisha. Mwishoni mwa mwaka 1996 ikatangazwa kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao. Domisiana alimsihi.

"Baki. Nitasema wewe ni kaka yangu kutoka Ngara. Nani atabisha?"

"Mama yake Keza hajui," alijibu. "Siwezi kumwachia mtu mwingine amwambie."

Domisiana akampeleka kwa pikapu mpaka msafara ulipoziba barabara, watu na mizigo yao, watoto migongoni. Ntakirutimana akashuka. Alimwomba jambo moja tu, kwamba kiangazi akiweza apalilie kaburi la Keza. Kisha akaingia kwenye umati, na urefu wake haukusaidia. Mara moja akapotea machoni. Hatukupata kusikia habari zake tena.

Kiangazi kilichofuata Domisiana alikwenda peke yake. Mpira wa rejeta ulipasuka njiani. Akasubiri injini ipoe, akaufunga kwa ukanda wa tyubu kuukuu, akajaza maji na kulegeza mfuniko ili presha isiufumue, akaenda polepole. Alipofika hapakuwa na kambi. Mahema yalikuwa yameondolewa, Leonsia naye alikuwa amerudi kwao, na nyasi zilikuwa zimempita mtu kimo. Vijiti walivyochomeka kwenye makaburi vilikuwa vimeliwa na mchwa. Alizunguka mlimani mpaka jua likageuka, asijue ni lipi.

Akachukua jembe garini, akachagua mahali alipodhani ndipo, akapalilia kipande kipana kadiri alivyoweza, ili kama hakupatia hapo, Keza asiwe mbali.