Kicheko cha Mjomba Nassor

Nikinusa mafuta ya taa, popote nilipo, masikio yangu huanza kusikia watu wakicheka. Nyumba yetu ya Balsall Heath, mjini Birmingham, Uingereza, ilikuwa katika safu ndefu ya nyumba za matofali mekundu, ukuta kwa ukuta, na wakati wa baridi tulihamia sote chumba kimoja, kile chenye hita ya mafuta ya taa. Harufu yake iliingia kwenye makoti, kwenye nywele, mpaka kwenye mkate. Televisheni ya kukodi ilikaa pembeni, imefunikwa kitambaa alichokidarizi Mama. Siku ya Alhamisi, baada ya Isha, kitambaa kilifunuliwa kwa ajili ya kipindi kimoja tu. Kilikuwa kipindi cha televisheni kuhusu televisheni, hebu fikiria! Wachekeshaji waliketi huku na huku, wakaonyeshwa vipande vya vipindi vya zamani, picha ikasimamishwa, wakaulizwa: kilifuata nini? Wakabuni upuuzi wao, watazamaji wakavunjika mbavu. Baba naye alijibu kutoka kwenye kochi, kwa Kiswahili, kwa sauti, utadhani wangemsikia. Kiingereza cha Mama kilikuwa cha dukani tu, lakini alicheka kwa kuzitazama nyuso zao.

Nyumbani kwetu alikuwepo na mtu mwingine, ambaye sikuwahi kumwona. Mjomba Nassor, ndugu wa pekee wa Mama, tumbo moja, alichukuliwa kwao Unguja siku za mapinduzi, chai yake hajaimaliza, na hakurudi. Hakuna kaburi, hakuna aliyeleta habari. Mama alikimbilia Tanga, huko Baba akamwoa, kisha wakaja Birmingham mimi nikiwa wa kubebwa. Baba hakuwahi kumtia machoni shemeji yake, na picha zote zilibaki kule. Kwa hiyo uso wa Mjomba Nassor ulikuwa kichwani mwa Mama tu, si kwingine. Sisi tulijua alivyocheka: alifunika mdomo kwa kiganja, kwa kuonea aibu jino lililovunjika. Na tulijua kwamba mlango wetu hautiwi komeo, asije Nassor akakuta pamefungwa. Baba alilalamika kuhusu wezi mpaka akachoka.

Wala Nassor hakuwa amesomewa khitma, kisomo cha marehemu. Kumsomea ni kusema amekufa, na Mama hakutaka kuwa wa kwanza kulisema. Jirani yetu Bi Rukia, Mzanzibari mwenzake asiyejua kunong'ona, alimwandama miaka nenda miaka rudi. "Mwache apumzike, mwanamke wee! Na wewe upumzike!" Majira yale ya baridi, nilipokuwa na miaka tisa, Mama alikubali. Mwalimu wa madrasa alialikwa aje Jumapili, na Mama akasonga halua mwenyewe, machozi yakimtoka, akisingizia moshi. Nilimwonea huruma. Nilifurahi pia, maana nilichoka kulala nikisikiliza mlango.

Alhamisi ya wiki ile ile, wachekeshaji walionyeshwa kipande cha safari za nchi za mbali. Mzungu mwenye kofia pana alisimama kwenye uchochoro, akapewa embe mbichi yenye pilipili, akang'ata. Picha ikasimama. Kilifuata nini? Wakabuni yao, kisha picha ikaendelea: mzungu akatoa macho, akatema, akarukaruka ameshika ulimi. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, Baba akacheka, nami nikagaagaa chini. Mama alikuwa amesimama. "Nassor!" aliita, kama unavyomwita mtu aliye chumba cha pili. "Yule, mlangoni, nyuma yake! Anacheka, kafunika mdomo!" Tulipotazama, picha ilikwisha ondoka na wachekeshaji wamerudi.

Siku zile kilichopita kwenye televisheni kimepita, hakuna kurudisha nyuma. Mama alipiga magoti akakigusa kioo kwa vidole. Baba akaniuliza walisema nini, nami nikaeleza kwamba kipande kile ni cha zamani, cha Unguja ya mwaka sitini, kabla sijazaliwa, mtangazaji mwenyewe kasema. "Umesikia, mke wangu?" Baba alisema polepole. "Ni cha kabla ya mapinduzi. Hakibadilishi kitu." Mama aliondoa vidole kwenye kioo. Alinigeukia mimi. "Wewe ulimwona?" Nilimwambia nilimwona mzungu tu.

Asubuhi yake alikwenda kwa Bi Rukia kuivunja khitma. Sauti ya Bi Rukia ilisikika mtaa mzima: "Picha ya zamani, jamani! Ya zamani!" Mama akasema zamani au leo, yeye hawezi kumsomea khitma mtu aliyemwona anacheka. Halua tukaila wenyewe wiki nzima mpaka ikatutoka puani.

Kuanzia hapo Mama alikitazama kipindi kile amesogeza kiti karibu kabisa, bila kucheka, akimngoja ndugu yake arudishwe. Watu wa ukumbini walicheka peke yao chumbani mwetu. Mimi niliogopa kupita mbele ya televisheni ikiwa imezimwa, kwa sababu kwenye kioo kile cheusi niliona chumba chetu na mlango wetu nyuma yangu. Kipindi kikaisha, vikaja vingine. Nassor hakuonyeshwa tena.

Leo kila kitu kinarudishwa nyuma. Mwaka jana, wiki ya mwisho ya Mama kule Northfield, mtaa mwingine wa Birmingham, alipokuwa hafumbui tena macho, binti yangu, anayesikia Kiswahili changu na kunijibu Kiingereza, alikipata kipande kile kwenye simu yake. Mlangoni yupo mtu, kofia ya kiua, kiganja mdomoni. Nimemsimamisha nikamtazama mpaka macho yakaniuma. Naweza kumkuza, naweza kumchekesha tena na tena, na sijui ni nani. Miaka yote ile macho ya kumjua yalikuwepo na picha haikuwepo. Sasa picha ninayo, na wa kumuuliza nimemzika.

Siku ya khitma ya Mama, mwalimu aliniomba majina ya marehemu wetu awaombee pamoja. Nikamtajia bibi na babu, nikamtajia Baba, nikamtajia Mama. "Yupo mwingine?" akauliza. Simu ilikuwa mfukoni mwangu.

"Hapana," nikasema. "Waliokufa ni hao tu."