Siku Meli Ilipolala Manda

Nimechoka hata kalamu naiona nzito, lakini nisipoandika leo najua kesho nitaanza kujidanganya.

Meli ilitia nanga Manda asubuhi, kuchukua kuni za kuendeshea mashine. Nahodha akatutangazia kwamba kuni zikishapakiwa atapiga honi, na honi ikilia kila mtu awe ndani. Asiyekuwepo ataachwa. Abiria wenzangu waliteremka wakajilaza kivulini pale pale ufukweni. Mimi nilikuwa na shughuli yangu. Shangazi yangu, aliyenilea kule Mshangano, Songea, mpaka nikaenda shule, nilisikia anaishi milimani, juu ya Manda, tangu njaa ilipowatoa Songea. Wakati wa vita askari wa serikali walichoma maghala na mashamba, na mume wake hakurudi. Mimi sasa ni karani wa stoo kwenye bandari ya kaskazini ya ziwa. Nina chumba, nina posho ya mchele. Nilitaka kumpandisha melini siku hiyo hiyo.

Mpishi wa meli aliniona nafunga viatu.

"Karani, unakwenda wapi peke yako?"

"Kumchukua shangazi yangu."

"Na viatu hivyo? Watadhani umekuja kudai kodi. Watakukimbia mpaka mbuzi."

"Mbuzi wameshaliwa zamani."

"Basi watakimbia wenyewe."

Na kweli. Nyumba ya kwanza nilikuta moto unawaka na mtu hakuna. Ya pili vivyo hivyo. Nikaita, nikasalimu kwa Kingoni, nikautaja ukoo wangu. Hakutoka mtu. Nilipoteza muda mwingi sana hapo nikijikasirikia na kuwakasirikia. Nyumba ya tatu nikavua viatu na koti, nikavishika mkononi, ndipo mama mmoja akatokea nyuma ya nyumba.

"Mbona hukusema mapema kama wewe ni mtu?" akaniambia. Alinionyesha njia: shangazi yuko mtoni, nipande kufuata maji.

Viatu vilikuwa vipya, vimeshanichubua visigino vyote viwili. Sasa yakaja mawe.

Nilimkuta amekaa juu ya jiwe, miguu yake ndani ya maji. Mabega yaliyokuwa yananibeba yamebaki mifupa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu." Akanitazama kuanzia kichwani mpaka chini. "Umenenepa. Kaa."

"Sikai. Meli inaondoka. Simama twende."

"Wapi?"

Nikamweleza haraka haraka, chumba, mchele, safari. Nilipomaliza akaonyesha majini kwa kidole. Kulikuwa na vikapu saba vimekandamizwa kwa mawe, vimejaa vipande vya ndiga. Ndiga ni mizizi ya porini, na ndiyo iliyobaki kuliwa huko. Ina sumu. Lazima ikatwe, ilowekwe siku tatu kwenye maji yanayokwenda, ndipo ipikwe.

"Hivi ni vya nyumba saba," akasema. "Mlinzi ni mimi. Leo ni siku ya pili."

"Si walinde wenyewe?"

"Mwenye njaa atalinda nini? Mara iliyopita kuna mama alikuja kuchukua kikapu chake kabla siku tatu hazijatimia, watoto walikuwa wanamlilia. Nilikuwa nimekwenda kutafuta kuni. Tumemzika na watoto wake. Kesho asubuhi natoa, nagawa. Nikishagawa, hata ukinipeleka Ulaya nakuja."

"Kesho meli haipo, shangazi!"

"Basi mimi nipo."

Nikapandisha sauti. Nikamwambia hawa si ndugu zake, nikamwambia nimeomba ruhusa kwa ajili yake, nikamwambia mengine ambayo sitayaandika. Akacheka kidogo.

"Piga kelele, mwanangu. Haya madude hayasikii, sumu haitoki kwa kelele."

Mara honi ikalia kule chini. Karani akichelewa kazini ni viboko, na pengine kazi yenyewe inakwenda. Shangazi alilijua hilo bila kuambiwa.

"Nenda," akasema. "Usije ukapigwa kwa ajili yangu."

Nikamwachia koti langu. Nikashuka mbio.

Kumbe honi ile ilikuwa ya kuwahimiza wachukuzi wa kuni. Nao walikuwa wenye njaa vile vile. Mtu analeta gogo moja, anakaa chini, anahema. Jua lilipoanza kushuka, nahodha akatangaza kwamba kuni hazijafika hata nusu. Tunalala hapo. Tunaondoka kesho saa sita mchana.

Nilisikia vizuri. Saa sita mchana.

Alfajiri niliamka juu ya mkeka wangu, melini. Visigino vimevimba. Nikapiga hesabu ya kupanda, kumsubiri agawe, kushuka naye kwa mwendo wake. Muda ulikuwepo. Nikajiambia nahodha huyu hatabiriki, anaweza kuondoka mapema. Nikajiambia nipumzike kidogo kwanza. Jua likapanda, na kila nilipolitazama nilijua ningekuwa wapi. Sasa ningekuwa kwa yule mama wa nyumba ya tatu. Sasa mtoni. Sasa anagawa kikapu cha mwisho, anajifuta mikono. Sasa tunashuka, mimi nimembebea mzigo wake.

Sikuondoka mkekani.

Saa sita honi ikalia, na safari hii nanga ikang'oka kweli. Mpishi akaja na sahani mbili za wali na maharage, akasimama anaangalia huku na huku.

"Shangazi yuko wapi?"

"Hakuweza kuja."

"Hakuweza au hakutaka?"

"Hakuweza."

"Maskini. Nilishampakulia," akasema, akaziweka sahani zote mbili mbele yangu.

Nilikula zote mbili.