Jina la Mama Faida

Siku ile chumbani kwetu Kisenyi tulikuwapo mimi, wadogo zangu Amani na Bahati, shangazi yetu aliyefika kutoka Bukavu, jirani yetu Mama Faida, ambaye Faida lilikuwa jina lake mwenyewe, na mtoto mchanga asiye na jina. Baba alikuwa ametangulia miezi michache kabla. Mama tulikuwa tumemzika juma lile, baada ya kumzaa huyo mtoto.

Enzi zetu, sisi watoto wa Wakongo wa Kampala, jina halikuokotwa njiani. Shangazi alitaka mtoto aitwe Mateso, kwa yaliyotukuta. Wasichana wengi wa rika letu waliitwa Tabu au Mateso; tulicheza nao kwepena, ule mchezo wa kukwepa mpira, vumbini, tukala kabalagala za moto, vile vitumbua vya ndizi, na hakuna aliyecheka. Lakini Mama Faida, aliyeuza sombe, majani ya muhogo, mlango wa pili, akasema, "Mpeni langu."

Kwetu anayekupa jina ni somo wako. Anakuletea kitenge cha kwanza, nawe ukizaa binti unamwita jina lilelile, lisipotee. Shangazi alinivuta pembeni. "Fungua macho. Mwanamke asiye na mtoto hatoi jina bure. Kesho atasema huyu ni wake."

Jina tulilipokea, lakini nikafungua macho. Niliacha shule nikawa nakaanga mandazi, na kila Mama Faida alipoleta uji nilimwangalia mikono. Akimbeba mtoto mgongoni kwenda bombani, nami nilishika ndoo nikafuata, hata kama ndoo zote zimejaa.

"Wewe unanilinda kama askari wa benki," alinitania.

"Ndiyo, mama," nilimjibu, nikaendelea kufuata.

Faida lilikuwa jina la heshima. Neno lilitoka kwa Waarabu, likapanda bara pamoja na biashara, na wazee wetu wakawapa mabinti ili mtu asije akasema kuzaa msichana ni hasara. Ukiita Faida pale bombani, nusu ya foleni iligeuka. Leo ukiita hivyo, anageuka mama mwenye miwani. Mabinti wa sasa ni Brielle na Keyla, majina ya kwenye simu. Waulize maana yake, watakwambia, "Ni zuri tu." Jina lisilo na mtu nyuma yake mimi siliamini.

Faida wetu, yule mtoto mchanga wa siku ile, amejifungua binti huko Kansanga. "Yaya," ameniambia, kama aniitavyo mimi mkubwa wake, "hilo ni jina la kizee. Watamcheka shuleni." Nashuku ameshaandikisha jina la simu, maana nikimuuliza anabadilisha mazungumzo.

Mama Faida hatembei tena vizuri. Hakumdai mtoto wetu hata siku moja. Juzi alituma kitenge, kisha akanipigia.

"Wamemwita nani?"

"Bado, mama."

"Haya. Nangoja," akasema.

Kitenge nimekiweka kabatini, sijakipeleka Kansanga. Nitakipelekaje, na jina lake hatujamrudishia?