Mtumbwi wa Nyabiyonza

Niyonsaba akiogopa hucheka. Wengine hutetemeka, wengine hukimbilia chooni. Yeye hucheka, tena kwa sauti, mpaka kanga inamlegea kiunoni. Siku ya kumzika mumewe ilibidi tumfunike shuka zima ili wageni kutoka Bweranyange wasimwone. Mimi ni jirani yake, migomba yetu inagusana, kwa hiyo kicheko chake nakijua vizuri kuliko anavyokijua yeye.

Basi binti yake, Vero, alikuwa anaolewa Jumamosi, na huku kwetu harusi bila rubisi, pombe yetu ya ndizi, ni mkutano wa kijiji tu. Ndizi za pombe Niyonsaba alikuwa nazo. Chombo cha kukamulia hakuwa nacho. Akaenda kuazima kwa mzee Ildefonsi, mwenye kahawa nyingi na sauti nzito, ambaye Niyonsaba amemchumia kahawa tangu usichana wake. Chombo chenyewe ni gogo kubwa lililochongwa ndani, linabebwa na wanaume wanne. Kwa Kinyambo tunakiita obwato, yaani mtumbwi. Na desturi yake kila mtu anaijua: mtumbwi haurudi mkavu. Unaurudisha pamoja na kibuyu cha rubisi uliyotengeneza ndani yake.

Mwaka huu mvua ilileta baridi, ndizi zikagoma kuiva. Mtumbwi ukakaa na kukaa. Niyonsaba naye, kwa mihangaiko ya harusi, akaacha kwenda kuchuma kahawa ya mzee. Hapo ndipo mzee alipokumbuka kwamba ana mtumbwi! Akafunga safari mpaka polisi, akasema kwa Kiswahili chake, "Nimeibiwa mtumbwi." Askari wa zamu alikuwa mgeni huku, akaandika alichosikia.

Polisi walikuja Alhamisi, shemeji yake Niyonsaba ndiyo kwanza amemaliza kukanyaga ndizi, juisi imechanganywa na mtama na kufunikwa majani. Walipomwambia yuko chini ya ulinzi kwa wizi, Niyonsaba akacheka. Askari akasema huyu mama ana dharau.

Hapo nilikasirika, na mpaka leo sijapoa. Mtu mwingine angepata dhamana jioni ileile. Nilikwenda kumdhamini, nikaulizwa kitambulisho chake kiko wapi. Hana. Ameomba miaka na miaka, na kila akienda anaulizwa babu yake alizaliwa wapi. Babu alitokea Rwanda zamani, hakuacha anwani. Yeye mwenyewe kazaliwa hapahapa Nyabiyonza, kabatizwa hapa, kazika mume hapa, lakini jina la Niyonsaba likitajwa kaunta, watu wanatazamana. Mzee Ildefonsi akifika kaunta hiyohiyo anavutiwa kiti. Jirani yangu akalala mahabusu, nami nikarudi kulinda rubisi yake isiingiwe na mbuzi.

Kesho yake mahakama ya mwanzo ilijaa pomoni. Huku mlimani kwetu hata bwawa hakuna, nani asingetaka kumwona mwizi wa mtumbwi? Hakimu alikuwa dada kutoka Lindi, hajamaliza hata mwezi huku.

Kabla ya Niyonsaba, aliyekaa pale akingoja zamu yake, aliitwa Aimable, mchunga ng'ombe wa watu, baba wa watoto wawili. Alishtakiwa kwa kukata miti ya uzio wa tajiri mmoja. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, na kwao alifundishwa adabu moja: mkubwa akikuuliza, inamisha kichwa, sema ndiyo.

"Unaelewa Kiswahili?"

"Ndiyo."

"Huhitaji mkalimani?"

"Ndiyo."

"Ulikata miti ya huyu bwana?"

"Ndiyo."

"Una lolote la kujitetea?"

"Ndiyo," akasema, kisha akainamisha kichwa akingoja swali lingine.

Tulicheka sana. Aimable alipotuona tunacheka, naye akacheka. Hakimu akasoma: miezi sita. "Ndiyo, asante mheshimiwa," akajibu, akatolewa nje bado anatabasamu.

Akaitwa Niyonsaba.

"Mama, unashtakiwa kwa kuiba mtumbwi. Kwanza nieleze, uliupeleka ziwa gani?"

Niyonsaba akajishika mdomo kwa mikono miwili, haikusaidia. Kicheko kikampasuka, ukumbi mzima ukafuata, na mimi nikawa nafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Hakimu akagonga meza. Akataka kielelezo kiletwe.

Askari walikuwa wameambiwa wakilete kama kilivyo, na waliitii amri hiyo barabara. Pikapu ikasimama nje, wanaume wanne wakauingiza mtumbwi ukumbini na rubisi yake ndani, majani juu, nyuki nyuma. Karani akapanda juu ya benchi. Wazungu wa nne, yaani sisi wa viti vya nyuma, tukasimama tuone vizuri.

"Huu ndio mtumbwi?" hakimu akauliza.

"Ndio wenyewe, mheshimiwa," mzee Ildefonsi akasema kwa fahari.

"Kwetu Lindi huu usingevuka hata dimbwi." Akamgeukia Niyonsaba. "Mama, acha kucheka. Kwa nini hukuurudisha?"

"Mheshimiwa, naogopa, ndiyo maana nacheka," akasema, anahema. "Mtumbwi haurudi mkavu. Unarudi na rubisi, na rubisi bado haijawa tayari. Muulize mzee mwenyewe, yeye anajua."

Kumbe hapo alikuwa amemgusa mzee panapowasha. Ildefonsi unaweza kumdharau kwa mengine yote, lakini si kwa rubisi. Akainama, akasogeza majani, akachota kwa kiganja, akaonja, akafumba macho. Ukumbi ukatulia, hata nyuki nadhani.

"Bado," akatamka. "Hii ni ya kesho."

"Kwa hiyo siku ya kuurudisha mtumbwi haijafika?"

Mzee akajifuta rubisi kidevuni kwa kiganja kilekile.

"Mama, nenda nyumbani," hakimu akasema. "Nenda na nyuki wako."

Jamani, tulivyoshangilia! Tuliurudisha ule mtumbwi kwa nyimbo, na njia nzima Niyonsaba hakucheka hata mara moja, maana hakuwa na hofu tena.

Jumamosi rubisi ilikuwa tayari, kama mzee alivyotabiri. Kibuyu chake kilijazwa kabla ya vingine vyote, desturi ni desturi, naye alikuja kanisani na suti yake akakaa benchi la mbele bila haya. Vero alipendeza mpaka nikamwonea wivu ujana wake. Padre akamuuliza kama amekuja kwa hiari yake.

"Ndiyo," Vero akajibu, ameinamisha kichwa.

Akamuuliza kama yuko tayari kumpenda na kumheshimu mumewe maisha yote.

"Ndiyo."

Pembeni yangu Niyonsaba akaangua kicheko. Kanisa zima likapiga vigelegele, wakidhani ni furaha ya mama. Mimi nikamshika mkono, nikaukuta wa baridi.

"Mama Vero, una nini?" nikamnong'oneza.

"Aimable naye," akasema huku anacheka, "alijibu hivihivi."