Mwanamke wa Saa Sita Mchana

Ndeshi alikuwa na miaka arobaini na miwili alipoanza kuandika kitabu chake, na alikiandikia kwenye meza ya jikoni ya watu wengine. Ilikuwa mwaka 2018, ughaibuni, katika mji wa Irving, kwenye nyumba ya bibi wa Kirusi aliyeitwa Zinaida. Kazi ya Ndeshi ilikuwa kumhudumia bibi huyo tangu asubuhi hadi binti yake, Larisa, aliporudi kutoka ofisini: kumwogesha, kumpa dawa, kumpikia uji. Kwao, mjini Moshi, alikuwa mwalimu wa Kiswahili wa sekondari. Irving hakuna aliyewahi kumuuliza habari hiyo.

Zinaida alikuwa na miaka themanini na sita. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini yeye na Ndeshi walielewana. Kila ilipokaribia saa sita mchana alifunga mapazia ya upande wa nyuma, unaotazama kiwanja kitupu chenye majani makavu, akaketi kimya hadi saa saba. Wiki ya tatu Ndeshi akamuuliza sababu.

"Ni saa yake," Zinaida akasema. "Anapita."

"Nani, Bibi?"

Ndipo akasimulia. Kijijini kwao, siku za mavuno, watu waliacha kazi jua lilipofika utosini, kwa sababu saa hiyo mwanamke mrefu mwenye nguo nyeupe alitembea mashambani. Walimwita Poludnitsa, mwanamke wa saa sita. Akikukuta, anakuuliza habari za kitani, mmea wa nyuzi za nguo: kinapandwaje, kinang'olewaje, kinalowekwaje, kinasokotwaje. Ukimjibu bila kunyamaza mpaka saa yake ipite, anakuacha. Ukinyamaza, anakuvunja shingo.

"Dada yangu Fenya alikuwa na miaka kumi na miwili, mimi tisa. Tulichelewa shambani. Alikuwa na kigugumizi. Nilijua hataweza kujibu." Zinaida alitazama mikono yake. "Nilikimbia hata hivyo."

Fenya alikutwa amelala kwenye mabua, hana jeraha, amekufa. Ndeshi alijua daktari angesema jua ndilo lililomuua. Hata kwao watoto huitwa ndani jua likiwa la utosi, wala hakuna anayewaeleza kwa nini.

Kesho yake, Zinaida aliposinzia, Ndeshi alifungua daftari. Akaandika habari za msichana aitwaye Yarina, ambaye dada yake amechukuliwa na mwanamke wa saa sita. Kijiji kinamtaka anyamaze, aolewe na mwenye kinu cha kusaga nafaka, asahau. Yarina anakataa. Saa sita kamili anaingia shambani peke yake, kwa hiari yake, kumdai dada yake. Anajibu maswali yote hadi mwanamke yule anaishiwa. Kisha ni zamu ya Yarina kuuliza. Hapo kalamu ya Ndeshi ilisimama. Hakujua msichana angeuliza nini.

Wakati huo kulikuwa na Wilbroad, mgane kutoka Bukoba aliyefanya kazi uwanja wa ndege, aliyetaka kumuoa. Ndeshi alimpa kurasa arobaini asome. Jumapili, baada ya ibada, wakiwa wanakula, Wilbroad aliziweka mezani.

"Mashetani ya Warusi yanakuhusu nini wewe? Halafu huyu mwenye kinu, mbona ana kitambi kama changu?"

"Ni mtu wa hadithini, Wilbroad."

"Nikikuoa, sitaki vitu hivi nyumbani kwangu."

"Basi usinioe," Ndeshi akasema, kwa sauti ya mtu anayekataa sukari ya ziada kwenye chai. Wilbroad alingoja acheke. Hakucheka, akakusanya kurasa zake.

Julai 2019 Ndeshi alianza kumwona mwanamke wa saa sita. Mara ya kwanza alikuwa amesogeza pazia atazame kama mvua itanyesha. Katikati ya kiwanja alisimama mtu mrefu, mweupe tangu kichwani hadi chini, ameinamisha kichwa upande mmoja kama anayesikiliza. Mazigazi ya jua kali hutetemeka. Huyu hakutetemeka. Ndeshi alishusha pazia na kukaa wiki mbili bila kuandika. Alimwambia rafiki yake mmoja tu, Clothilde, Mkongomani aliyefanya kazi ghalani.

Clothilde hakumcheka. "Kama mtu anakuangaliaka hivyo bila kusema, dada, ni kusikia anatafuta."

Jumanne moja ya Agosti, Ndeshi alikuwa akitoa shuka kwenye mashine ya kufulia. Aliporudi sebuleni kiti cha Zinaida kilikuwa kitupu na mlango wa nyuma uko wazi. Alichukua simu, mwavuli na chupa ya maji, akakimbia.

Zinaida alikuwa amesimama katikati ya kiwanja, peku, na gauni la kulalia. Alikuwa akizungumza Kirusi haraka haraka, akiangalia mbele yake. Uso ulikuwa mwekundu, mkavu, hauna tone la jasho. Ndeshi alipiga simu ya dharura, akataja anwani, akamshika kiuno amrudishe. Alikuwa kama mti uliopandwa pale.

"Usinikatize," bibi akasema kwa Kiingereza. "Nimefika kwenye kuloweka."

Ndeshi alimmwagia maji utosini na shingoni, akamkinga na mwavuli. Zinaida akaendelea, lakini sauti ilizidi kukauka, hadi midomo ikawa inacheza bila neno. Macho yake yakawa ya mtoto. Ndeshi alitazama alikotazama. Hakuona mtu. Majani tu yalikuwa yamelala chini, mahali palipotosha nyayo mbili.

Hakujua kitani. Akasema anachokijua, kwa Kiswahili, kwa sauti ya darasani.

"Kahawa huanzia kitaluni. Mche ukikomaa unauhamishia shambani, kwenye kivuli cha migomba. Unapogoa. Unangoja miaka mitatu. Unachuma zilizoiva tu, moja moja, unamenya, unaziosha, unazianika, unazigeuza zisivunde..."

Alisema mpaka kahawa ikamwishia. Hapo akajikuta anauliza, bila kupanga, "Na wewe, nani alikuacha hapa?"

Zinaida alilegea mikononi mwake, na king'ora kikasikika barabarani.

Bibi alipona, lakini Larisa hakusamehe. "Mama yangu alikuwa mikononi mwako," alisema hospitalini, na Ndeshi hakubisha, maana ni kweli. Siku hiyo hiyo alipoteza kazi. Akapata nyingine Arlington, mji wa jirani, kwa mzee mmoja asiyependa maongezi.

Desemba Larisa alimpigia simu. Mama yake alikuwa akimtaja kila siku. Ndeshi alikwenda. Zinaida alikuwa amepungua mpaka kitanda kilionekana kikubwa.

"Alikuja," alimnong'oneza. "Fenya. Aliuliza, nikamjibu yote. Kuhusu kukimbia pia."

"Alikuwa na hasira?"

"Sijui. Alikaa kidogo akaenda."

Zinaida alifariki Januari. Majira ya kuchipua mwaka 2020, watu wakiwa wamejifungia ndani kwa hofu ya korona, Ndeshi alimaliza kitabu. Yarina alikuwa ameshapata swali lake, lile la kiwanjani. Hakumrudisha dada yake, na hakuolewa na mtu. Mwanafunzi wa zamani wa Ndeshi aliyekuwa na kiwanda kidogo cha uchapaji Dar es Salaam alichapa nakala mia tatu.

Nakala moja alimpelekea Larisa. Walikaa kwenye viti juu ya nyasi mbele ya nyumba, mbalimbali, barakoa usoni. Larisa alifungua kitabu ambacho hangeweza kukisoma, akagusa mstari wa kwanza.

"Hapa pameandikwa nini?"

"Kwa Fenya."

"Fenya ni nani?"

Ndeshi alidhani hakusikia vizuri. "Dada ya mama yako."

"Mama hakuwa na dada," Larisa akasema. Kisha akafunga kitabu. "Alikuambia wewe?"

Ndeshi alisogeza kiti chake karibu kidogo, kupita umbali uliotakiwa, akaanza kumweleza.